Maji ya Kifuu, Bahari ya Chungu: Utunzaji wa Kidimbwi cha Samaki cha Uani na Ubora wa Maji Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kuonyesha kuwa jambo lililo dogo kwa mmoja huweza kuwa kubwa kwa mwingine. Katika makala haya itachukuliwa kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yake. Kidimbwi cha samaki kilichochimbwa nyuma ya nyumba, baina ya zizi la ng'ombe na bustani ya sukuma wiki, ni maji machache mno yakilinganishwa na ziwa au mto. Hata hivyo, kwa samaki waliomo, hayo ndiyo bahari yao yote. Ziwani, samaki akikuta maji mabaya huhama. Kidimbwini hana pa kuhamia. Chochote kitiwacho humo, kiwe chakula, samadi au povu la sabuni, hukaa naye humo humo.

Suala hili lina uzito katika nchi ya Kenya. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao, miongoni mwa mambo mengine, ulidhamini uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikikusudiwa kuwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Ufugaji uliokuwa umehusishwa kwa miaka mingi na vituo vichache, kikiwemo kile cha Sagana kilichoanzishwa mwaka 1948, ukaingia katika nyua za watu wa kawaida. Mazao ya samaki wa kufugwa yalipanda hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014, kisha yakaporomoka hadi chini ya tani 15,000 kufikia mwaka 2016. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya chakula cha samaki, uhaba wa vifaranga bora, matatizo ya soko na kukatika kwa ufadhili. Hata hivyo, ipo sababu isiyotajwa sana kwa kuwa haionekani kwa macho, nayo ni mfugaji kuwa na shimo na samaki pasipo kuwa na elimu ya maji.

Makala haya yanadhamiria kueleza elimu hiyo kwa lugha inayoweza kufika uani. Hoja yake kuu ni kwamba anayefuga samaki, kwa hakika, hufuga maji. Maji yakitunzwa ipasavyo, sehemu kubwa ya kazi ya kumtunza samaki huwa imekwisha kufanyika. Sehemu ya mwisho itagusia nafasi ya Kiswahili katika kazi hii.

Pumzi ya maji

Hakuna tukio linalomtia mfugaji simanzi kama hili: anaamka alfajiri na kuwakuta samaki wameelea wafu, ilhali jana yake jioni walikuwa wakikirukia chakula. Shaka ya kwanza huwa sumu, na ya pili huwa jirani. Ujirani wa miaka mingi huweza kuingia doa kwa ajili ya vifo ambavyo havikusababishwa na mkono wa mtu. Mara nyingi samaki hao huwa wamekufa kwa kukosa pumzi.

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini kwa kutumia matamvua yake. Oksijeni hiyo huingia majini kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni hewa inayogusana na uso wa maji, hasa pakiwa na upepo. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa zaidi katika kidimbwi kisichotiririka, ni mwani. Neno mwani limezoeleka kwa mimea ya baharini. Hapa linatumiwa kwa viumbe vidogo mno vya kijani ambavyo jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, bali huona rangi yake tu majini. Mchana, mwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Kitendo hiki, yaani usanisinuru, hutoa oksijeni kwa wingi. Jua linapotua, usanisinuru hukoma, lakini kupumua hakukomi. Samaki, mwani wenyewe na bakteria waliomo topeni huendelea kuitumia oksijeni usiku kucha. Kwa hiyo kiwango chake hupanda tangu asubuhi, hufika kilele alasiri, kisha hushuka hadi upeo wa chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Hii ndiyo sababu mauti huja alfajiri.

Samaki aina ya tilapia hustawi maji yanapokuwa na oksijeni ya miligramu 5 au zaidi kwa kila lita. Huweza kuvumilia miligramu 3. Kiwango kikishuka chini ya 2, huacha kula na kudhoofika, na kikizidi kushuka hufa. Ikumbukwe pia kwamba maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.5. Fauka ya hayo, mwinuko una athari yake. Katika sehemu zilizo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kama vile viunga vya Nairobi, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji ya joto lile lile hubeba oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya sita yakilinganishwa na ya Mombasa.

Mfano wa hesabu utalibainisha jambo hili. Chukua kidimbwi cha urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1. Kina lita 50,000 za maji. Tuseme kina samaki 150 wenye uzito wa gramu 200 kila mmoja, yaani kilo 30 kwa jumla. Jua likitua maji yakiwa na miligramu 6 kwa lita, oksijeni yote iliyomo ni gramu 300. Kwa makadirio, samaki hao watatumia gramu 90 hivi kwa saa kumi na mbili za usiku. Zingebaki gramu 210, nazo zinatosha. Lakini ikiwa mwani ni mzito na sakafu ina tope la chakula kilichooza, viwili hivyo vyaweza kutumia gramu 150 nyingine. Alfajiri zitakuwa zimesalia gramu 60, ambazo ni miligramu 1.2 tu kwa lita. Hesabu hii inafichua jambo lisilotarajiwa na wengi: mlaji mkubwa wa oksijeni usiku huenda asiwe samaki, bali maji yenyewe na tope lake.

Dalili ya mvua ni mawingu, na msiba huu nao una dalili zake. Samaki hupanda juu alfajiri wakatweta, vinywa vyao vikigusa uso wa maji, na huwa wazito kukimbia mtu anapokaribia. Hukusanyika mahali maji mapya yanapoingilia. Wakianza kufa, kwa kawaida wakubwa hutangulia, kwa kuwa mahitaji yao ni makubwa. Ishara hii, pamoja na saa ya vifo, humsaidia mfugaji kutofautisha ukosefu wa oksijeni na sumu, ambayo haichagui alfajiri wala haiwabakishi wadogo.

Panapotokea hali hiyo, chakula na samadi visitishwe mara moja. Maji mapya yaingizwe yakirushwa kutoka juu ili yachukue hewa yanapoanguka. Mwenye pampu ndogo ayavute maji ya kidimbwi na kuyarudisha kwa kuyanyunyiza. Asiye na pampu aweza kuteka kwa ndoo na kuyamwaga kutoka kimo cha bega; ni kazi ya kuchosha na msaada wake ni mdogo, lakini huweza kuwavusha samaki hadi jua litoke.

Rangi ya maji na maana yake

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, msomaji aweza kudhani kwamba mwani ni adui. La hasha. Mwani ni pafu la kidimbwi wakati wa mchana, na ni chakula cha tilapia pia. Maji meupe yasiyo na rangi yoyote yanavutia kwa macho, lakini kwa tilapia ni shamba lisilo na mazao. Isitoshe, mwanga hupenya hadi chini na kuotesha magugu. Kinachotafutwa ni kiasi.

Kiasi hicho hupimwa kwa mkono. Mfugaji hupiga magoti ukingoni, akazamisha mkono akiwa ameunyoosha na kiganja kikielekea juu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika nusu ya kigasha, mwani umezidi. Kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko au karibu nacho, rutuba inatosha. Kikiendelea kuonekana maji yakiwa yamepita kiwiko na kuelekea kwapani, rutuba ni haba. Anayetaka kipimo kisichotegemea urefu wa mkono wa mtu aweza kutumia kisahani cha upana wa sentimita 20 kilichopakwa robo mbili rangi nyeusi na robo mbili nyeupe, kikateremshwa kwa kamba yenye mafundo. Kifaa hiki kilibuniwa na Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865 kwa ajili ya bahari, na leo chaweza kutengenezwa kwa kifuniko cha mkebe wa rangi. Kikipotea kwenye kina cha sentimita 25 hadi 40, mambo ni shwari.

Rangi yenyewe nayo ina ujumbe. Kijani kibichi chepesi ni heri. Kijani kizito kilichofanya utando juu kama rangi iliyomwagika ni onyo: mwani wa namna hii huweza kufa wote kwa pamoja, kisha bakteria wanaouozesha wakaimaliza oksijeni. Maji yakigeuka ghafla kutoka kijani kuwa kahawia au kijivu, huenda kifo hicho kimeanza. Rangi nyekundu ya udongo hailetwi na mwani, bali na maji ya mvua yaliyotiririka kutoka shambani. Udongo huo huzuia mwanga na kuziba matamvua ya vifaranga. Dawa yake haimo majini, imo nchi kavu: mtaro wa kuepusha maji ya mvua na nyasi fupi kwenye kingo.

Palipo na rutuba haba, mbolea hutiwa kwa kipimo. Kiasi kinachopendekezwa mara nyingi ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kwa kidimbwi cha mita 50 za mraba, ni kilo 2.5. Samadi hutiwa ndani ya gunia lililotobolewa na kufungwa ukingoni ili irutubishe maji pasipo kujaza sakafu tope. Mkono ukionyesha kijani cha kutosha, gunia huondolewa. Wapo wanaoendelea kuongeza samadi kwa kuwa ng'ombe wanaendelea kuitoa. Hapo kidimbwi hugeuka kuwa jaa.

Taka zisizoonekana

Samaki wote hutoa taka, na taka kuu ni amonia, ambayo hutoka hasa kupitia matamvua. Asili yake ni protini iliyomo chakulani. Ukirudi kwenye mfano wa kilo 30 za samaki, mfugaji akiwalisha asilimia 3 ya uzito wao kwa siku atatumia gramu 900 za chakula. Chakula hicho kikiwa na protini ya asilimia 30, kitakuwa na nitrojeni ya gramu 43 hivi. Samaki hujenga mwili kwa sehemu ndogo tu ya hiyo, yapata thuluthi moja au chini yake. Takriban gramu 30 huishia majini kila siku. Katika lita 50,000, hizo ni sawa na miligramu 0.6 kwa lita kwa siku. Bila kitu cha kuiondoa, wiki moja ingetosha kuyaharibu maji.

Kwa bahati njema, mwani hufyonza amonia kama mbolea, na bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni hatari, na kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hawa huhitaji oksijeni, nao huchukua wiki kadhaa kujenga makao katika kidimbwi kipya, hususa kilichotandikwa karatasi nzito ya plastiki. Anayejaza kidimbwi leo, akatia samaki wengi kesho na kuwalisha wakashiba huwa amewatanguliza wageni kabla ya wafagiaji.

Amonia ina tabia nyingine inayostahili kufahamika. Huwa katika maumbo mawili, na moja tu ndilo lenye sumu kali. Uwiano wa maumbo hayo hutegemea joto na kiwango cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8, hukaribia asilimia 5. Ikifika 9, hupita thuluthi moja. Mwani mzito unapofanya usanisinuru huondoa kaboni dioksidi majini, na pH hupanda kadiri jua linavyowaka. Hivyo basi, kidimbwi chenye kijani kilichozidi kina hatari mbili kwa siku moja: alasiri kuna amonia, na alfajiri kuna ukosefu wa oksijeni.

Njia rahisi ya kupunguza amonia ni kuwalisha samaki kwa kiasi. Chakula kitolewe mara mbili, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, oksijeni inapokuwa tele. Kitupwe kidogo kidogo mahali pale pale, na mfugaji asimame akitazama. Kisichoisha kwa dakika 10 hivi ni ziada, na ziada hiyo hainenepeshi chochote ila tope. Katika maeneo ya baridi kama Nyeri na Limuru, maji yakiwa chini ya nyuzi 20 mnamo Julai, tilapia hupunguza kula. Aendeleaye kutupa chakula cha Machi mwezi Julai huwa anailisha amonia. Ni katika miezi hiyo hiyo ambapo mawingu hufunika jua kwa siku nyingi mfululizo, na mwani hushindwa kuzalisha oksijeni ya kutosha.

Idadi ya samaki nayo ni suala la maji. Kwa kidimbwi kisicho na mtambo wa kuingizia hewa, samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba wanatosha. Tilapia huzaana upesi, na kidimbwi kilichoanza na samaki 150 chaweza kuwa na mamia ya vifaranga baada ya miezi michache, wote wakipumua na kutoa taka. Ndiyo sababu wafugaji hupendelea vifaranga wa kiume watupu, au huongeza kambare wachache wa kuwala wadogo.

Udongo na chanzo cha maji

Maji hurithi tabia ya ardhi yanamokaa. Udongo wa sehemu zinazokuza majani chai, kama vile Kisii na miteremko ya Mlima Kenya, huwa na asidi. Maji yenye pH chini ya 6 humdumaza samaki, na samadi itiwayo humo haileti kijani kinachotarajiwa. Tilapia hupendelea pH kati ya 6.5 na 9. Asidi hurekebishwa kwa chokaa ya kilimo, ambayo hunyunyizwa kwenye sakafu na kingo kabla ya kujaza maji. Kwa kawaida hutumiwa kilo 10 hadi 20 kwa kila mita 100 za mraba, ingawa inafaa udongo upimwe kwanza. Baada ya hapo kidimbwi huachwa kwa wiki moja au mbili kabla ya kutiwa samadi. Chokaa ya kujengea ni kali mno na haipaswi kutiwa majini samaki wakiwemo.

Hali kadhalika, kila chanzo cha maji kina dosari yake. Maji ya kisima kirefu huwa safi, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni haba. Yanafaa kuangushwa kutoka juu au kupitishwa kwenye mawe. Maji ya mfereji wa mjini hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huunguza matamvua. Yanapaswa kuachwa wazi kwenye tangi kwa siku moja au mbili kabla ya kutumiwa. Maji ya paa hayana madini ya kutosha kuituliza pH, na hivyo hupanda na kushuka nayo kwa haraka. Chokaa kidogo ya kilimo huyasaidia. Maji ya mto huweza kuja na dawa za kunyunyizia mimea, hasa msimu wa kupalilia.

Desturi ya utunzaji

Kazi za kidimbwi si nzito, ila hazitaki kuahirishwa. Kila alfajiri mfugaji hutazama uso wa maji kabla ya kufanya jambo jingine. Samaki aliyekufa huondolewa papo hapo. Methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote huchukuliwa darasani kuwa ni onyo dhidi ya marafiki wabaya. Kidimbwini ina ukweli wa moja kwa moja: mzoga mmoja hutumia oksijeni ya walio hai, na huweza kueneza maradhi.

Kila wiki, maji hupimwa kwa mkono au kisahani, na nyasi za ukingoni hufyekwa. Maji yaliyopotea kwa mvuke na kuvuja huongezwa. Si lazima maji yatiririke siku zote; mtiririko usiokoma hubeba rutuba na kuondoka nayo. Maji yakichafuka, ni bora kutoa sehemu ya tano au ya nne kutoka chini, penye uchafu, kwa mpira wa kufyonza. Maji hayo yasielekezwe mtoni. Yana nitrojeni na fosforasi, na bustani ya mboga au shina la mgomba litayapokea kwa shukrani.

Kila mwezi, samaki wachache huvuliwa na kupimwa uzito ili kiasi cha chakula kirekebishwe. Baada ya mavuno, kidimbwi cha udongo hukaushwa hadi sakafu ipasuke, tope la juu likaondolewa na kupelekwa shambani. Hewa na jua huua vimelea na kuyamaliza mabaki yaliyooza. Aidha, kidimbwi chochote kilicho karibu na nyumba kinapaswa kuzungushiwa ua wenye lango, kwani maji ya mita moja yanatosha kumzamisha mtoto.

Kidimbwi kilichotelekezwa ni hatari ya namna nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vidimbwi vilivyoachwa katika iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati ulionyesha kwamba tilapia walipotiwa humo, viluwiluwi vya mbu waenezao malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Maana yake ni kwamba kidimbwi chenye samaki huilinda nyumba, na kisicho na samaki huzalisha ugonjwa mlangoni mwake.

Lugha ya kidimbwi

Miongozo mingi ya ufugaji wa samaki iliyopo Kenya imeandikwa kwa Kiingereza. Mfugaji husikia istilahi zake kwenye semina ya siku moja, akarudi nyumbani na daftari asiloweza kulisoma mbele ya maji yanayobadilika rangi. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Si kwamba lugha haina maneno. Samaki anayekosa oksijeni anatweta. Kinachotua sakafuni ni mashapo. Kinachofunika uso wa maji ni utando. Kiswahili hutenganisha hata harufu: shombo ni harufu ya kawaida ya samaki, lakini uvundo ni harufu ya kilichooza, na tope linalotoa uvundo wa yai bovu limekosa oksijeni. Mfugaji aliyeambiwa "likitoka shombo usijali, likitoka uvundo usiwalishe" amepewa somo la kemia asilohitaji kulitafsiri.

Yapo pia maeneo yanayohitaji makubaliano. Samaki yule yule huitwa tilapia au ngege nchini Kenya, na perege au sato nchini Tanzania. Neno mwani, kama ilivyodokezwa, humpeleka msomaji wa pwani baharini. Maneno pH na nitriti hayana budi kubaki, ila yanahitaji kuandamana na maelezo ya kile yanachokifanya majini. Orodha ya istilahi pekee haitoshi. Istilahi "oksijeni iliyoyeyuka" ni sahihi, lakini aliyeielewa kama pumzi ya maji ndiye atakayeamka alfajiri kwenda kuitazama.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kidimbwi cha uani ni mizani. Mwani hulisha na kutoa oksijeni mchana, kisha huidai usiku. Chakula humkuza samaki, na ziada yake humtilia sumu. Samadi hurutubisha na huchafua, kutegemea kipimo. Hakuna kati ya hivi kilicho kibaya chenyewe. Ubaya huja pale mwenye kidimbwi anapoacha kutazama. Kupima kwa mkono, kunusa tope na kutupa chakula kwa macho yaliyo wazi hakugharimu chochote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kidimbwi ukuta huo ni msimu mzima wa chakula, karo na matumaini ya jamaa uliopotea kwa usiku mmoja. Kazi ya kueleza hayo kwa lugha ya mfugaji mwenyewe ingali inawasubiri wanaoisomea lugha hiyo.